Tangi la samadi limejaa na Oktoba imeshaingia

Usiku wa tarehe 17 Oktoba mwaka jana simu iliita nikiwa navua mabuti. Alikuwa kijana mmoja wa kwetu, ana miezi mitano tu kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Somerset. Hata salamu hakutoa.

"Kaka, tangi limebakiza shibiri moja. Bosi anasema kesho alfajiri tumwage shamba la juu, majani yapo, udongo mkavu. Anasema tumechelewa siku mbili tu. Nimwage?"

"Shikamoo umeiacha wapi?"

"Shikamoo kaka. Nimwage?"

"Marahaba. Usimwage. Kwanza niambie, hilo shamba liko ndani ya kanda ya nitrati au nje?"

Kimya. Kisha: "Kanda gani?"

Tulizungumza mpaka chai yangu ikapoa. Nimekaa Cheshire tangu 2015, ng'ombe 180 wa kukamua, udongo wa mfinyanzi unaong'ang'ania buti kama mtoto mwenye njaa, na kila mwaka ifikapo Septemba nasikia wakulima wakigombana na kalenda. Naandika hapa niliyomwambia kijana, pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya kukata simu, kwa sababu Waswahili kwenye mashamba ya huku tunaongezeka na hakuna anayetukalisha chini kutufundisha. Unapewa funguo za trekta, unaoneshwa boza, basi.

Neno moja kabla sijaendelea. Vuli ninayoizungumzia si zile mvua za vuli tulizokua nazo, ambazo mkulima huzisubiri kwa hamu. Vuli ya huku ni Septemba hadi Novemba, majani yanapukutika, udongo unapoa, mmea unaacha kula, na mvua inayonyesha hakuna anayeihitaji. Ukilishika hilo, nusu ya sheria utakuwa umeielewa bila kuisoma.

Jua ni sheria ipi inayokushika

Zipo mbili, moja juu ya nyingine, na watu huzichanganya. Zote nitakazozitaja ni za England. Wales na Uskoti wana zao, na Ireland ndiyo kabisa: tangu 2023 wanafunga umwagaji wa samadi ya maji kuanzia tarehe 1 Oktoba. Ukihama shamba usihame na tarehe zako.

Ya kwanza inagusa shamba lolote la England. Ilianza Aprili 2018, na wakulima wanaiita kanuni za kilimo kwa ajili ya maji. Haina tarehe ya kufunga wala kufungua. Inasema tu kwamba samadi au mbolea utakayoweka isizidi mahitaji ya udongo na mmea, na isilete hatari kubwa ya kuchafua maji. Inataka pia udongo wa shamba upimwe angalau mara moja kila miaka mitano, na utazame hali ya hewa na utabiri kabla ya kumwaga. Ukiisoma haraka unaona ni busara ya kawaida. Ukiisoma polepole unakuta mtego: ngano iliyopandwa Septemba inahitaji naitrojeni, yaani chakula cha mmea kilichomo kwenye samadi, kiasi gani mwezi Oktoba? Karibu hakuna. Ile inayobaki ardhini inaitosha. Basi ukiimwagia samadi, umezidisha.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwaka 2021 Wakala wa Mazingira wa serikali ulionesha kwamba unaisoma kanuni hiyo kwa ukali, kiasi kwamba umwagaji mwingi wa vuli ungekuwa kosa. Chama cha wakulima, NFU, kikaja juu. Agosti mwaka huo Wakala ukatoa msimamo wa muda wenye masharti, na Machi 2022 wizara ya mazingira na chakula, Defra, ikatoa mwongozo wa namna ya kuitekeleza kanuni hiyo. Mwongozo ukalegeza kamba kidogo: unaweza kupanga kwa kuangalia mzunguko mzima wa mazao, si wiki ile unayomwaga tu. Kumbuka mbolea ya dukani ilikuwa imepanda bei vibaya wakati huo. Mzee ninayemfanyia kazi alikuwa akitembea na bili ya mbolea mfukoni, anaitoa kuwaonesha watu: "Dawa ninayo kwenye tangi, halafu naambiwa nikanunue kwenye gunia."

Ya pili ndiyo yenye tarehe, na inahusu kanda zilizotangazwa kuwa nyeti kwa nitrati, ile naitrojeni inayosafiri na maji. Zaidi ya nusu ya ardhi ya England imo. Serikali ina ramani mtandaoni. Unaandika msimbo wa posta wa shamba, unaona. Fanya hivyo leo. Kijana wangu aliingiza msimbo akiwa bado kwenye simu, nikamsikia akiguna.

Ndani ya kanda, samadi yenye naitrojeni nyingi iliyo tayari kuliwa na mmea, zaidi ya asilimia 30 ya naitrojeni yake yote, ina kipindi cha kufungwa, yaani hairuhusiwi kumwagwa. Kundi hilo ni samadi ya maji ya ng'ombe na ya nguruwe, na pia samadi ya kuku. Usidanganyike na ukavu wa ile ya kuku. Ina makali kuliko zote. Kwenye udongo wa kichanga, au ule wenye kina kifupi juu ya mwamba, mashamba ya majani yanafungwa 1 Septemba hadi 31 Desemba, na ardhi ya kulima 1 Agosti hadi 31 Desemba, ila ukipanda zao kabla ya 15 Septemba unapewa nafasi mpaka siku hiyo. Kwenye udongo mwingine wote ardhi ya kulima inafungwa 1 Oktoba na majani 15 Oktoba, vyote mpaka 31 Januari. Kwa hiyo kijana, mwenye majani na mfinyanzi, alikuwa amechelewa siku mbili kweli, kama bosi alivyosema. Ila siku mbili za sheria ni siku mbili.

Kwa nini wamechagua vuli

Samadi ya maji ina naitrojeni iliyoko katika umbo la amonia. Hiyo inashikwa na chembe za mfinyanzi, haiendi mbali. Lakini udongo wa Septemba bado una joto, na bakteria wake wanaigeuza kuwa nitrati ndani ya wiki chache. Nitrati haishikwi na chochote. Maji yakishuka, nayo inashuka. Wakati wa kiangazi mizizi inaidaka kabla haijafika chini. Ikifika Novemba mizizi imelala na mvua inazidi uwezo wa ardhi kuinywa. Kinachobaki ni safari ya kwenda kwenye mabomba ya chini ya ardhi yanayoondoa maji shambani, mtaroni, mtoni, au kwenye maji ya kisima ambayo mtu atayanywa. Kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitrati kwa lita.

Malalamiko ya wakulima nayo si porojo. Septemba, baada ya kuvuna, udongo ni mgumu na trekta yenye boza la tani kumi inapita bila kuacha alama. Sheria inakwambia ngoja. Februari inafunguka, na mfinyanzi wetu ni uji. Ukiingia unakandamiza udongo kiasi kwamba majani yatakuonesha alama za magurudumu mpaka Agosti. Wiki ya kwanza ya Februari kila mtu ana tangi lililojaa, kila mtu anampigia mkandarasi mmoja yule yule, na samadi ya miezi mitatu na nusu ya wilaya nzima inamwagwa siku tatu mfululizo. Mimi naona hili ndilo shimo kubwa la sheria hii, na sijasikia mtu wa ofisini akilijibu vizuri.

Lakini nina kisa changu kuhusu "udongo mkavu". Kiangazi cha 2018 kilikuwa cha ukame mkali. Septemba, tarehe bado zinaruhusu, mimi na mzee tuliona shamba limekauka kama sahani, tukasema leo ndiyo leo. Nilimwaga boza sita. La saba nikiwa narudi nalo nikapita kando ya mtaro, nikaona mdomo wa bomba la kuondolea maji, ambalo lilikuwa kavu tangu Juni, unatoa kitu cha rangi ya kahawa. Nilidhani macho. Nikashuka, nikanusa. Mfinyanzi ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwikoni, na samadi ilikuwa imeteremka humo moja kwa moja hadi kwenye mabomba, bila hata kuonja udongo. Tuliziba mdomo wa bomba kwa udongo na marobota ya majani makavu, tukavuta maji machafu ya mtaroni kwa boza lile lile, na mzee mwenyewe akapiga simu ya dharura ya Wakala. Tulipata barua ya onyo. Ilikuwa haki yetu kuipata. Tangu siku hiyo mtu akiniambia udongo mkavu ni salama namwomba anioneshe nyufa.

Pima tangi, usilitazame

Sasa kazi. Kama unasoma haya Machi au Aprili, una bahati, kwa sababu ni wakati huo unapoishinda vuli au inapokushinda. Ikiwa ni Oktoba, ruka uende sehemu ya mwisho, halafu urudi.

Chukua mti mrefu ulionyooka, uweke alama kila sentimita 10 kwa rangi. Kila Jumatatu ushushe pale pale, kwenye ukingo ulio salama wenye reli, uandike tarehe na kina. Baada ya wiki sita utajua tangi linapanda kwa kasi gani, na hakuna bosi atakayebishana na daftari.

Kisha fanya hesabu ya nafasi. Ng'ombe wa maziwa anayetoa kati ya lita 6,000 na 9,000 kwa mwaka anahesabiwa kutoa lita 53 za kinyesi na mkojo kwa siku. Wetu 180 wanatoa karibu mita za ujazo 9.5 kila siku. Ndani ya kanda mwenye ng'ombe anatakiwa awe na nafasi ya miezi mitano, 1 Oktoba hadi mwisho wa Februari; nguruwe na kuku miezi sita. Miezi mitano kwetu ni zaidi ya mita za ujazo 1,400, kabla hujaongeza maji ya kuoshea banda la kukamulia. Na tangi halijazwi mpaka mdomoni. Kisheria unaacha milimita 300 juu, na bwawa la kuchimbwa lenye kingo za udongo unaacha milimita 750. Ile shibiri ya kijana ilikuwa tayari ni kosa.

Kitu ambacho kila shamba husahau ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ya darasa la nne. Yadi yetu ya zege ina mita za mraba 1,200 na maji yake yote yalikuwa yakiingia tangini. Kila milimita 100 zikinyesha, mita za ujazo 120 zinaingia. Hizo ni siku 12 na ushee za kinyesi cha ng'ombe wote 180. Tulikuwa tunajenga hoja ya kununua tangi jipya ili kuhifadhi maji ya mawinguni!

Kwa hiyo kabla ya mkopo, vaa koti la mvua utoke nje wakati inanyesha. Ndiyo, wakati inanyesha, maana siku ya jua huoni kitu. Fuata maji kwa macho. Kwetu tulikuta gata mbili za banda la ndama zimeziba kwa majani na kiota cha ndege, maji yanamwagikia yadi. Bomba moja la paa lilikuwa limeunganishwa zamani kwenye mfereji wa samadi, hakuna aliyekumbuka kwa nini. Tukaweka tuta dogo la zege, refu kama kiganja, kutenga sehemu ambayo ng'ombe hawapiti. Kazi ya siku nne, watu wawili. Majira ya baridi yaliyofuata tangi lilifika Februari likiwa na nafasi, na mzee akaacha kulitaja tangi jipya kwa miezi kadhaa.

Kulifunika tangi nako kunasaidia, ni gharama tu. Serikali ilianzisha ruzuku ya miundombinu ya samadi ya maji mwishoni mwa 2022, lengo likiwa kufikisha nafasi ya miezi sita na tangi kufunikwa. Duru za kuomba zilifunguliwa na kufungwa, kwa hiyo bosi asikae akisubiri kuletewa. Mwenye shamba la kukodi ana shida zaidi: anajenga kitu cha maelfu ya pauni kwenye ardhi ya mtu mwingine. Hapo sina dawa.

Kiangazi, mwaga samadi penye njaa

Lengo ni kuingia Oktoba tangi likiwa tupu au karibu na tupu. Majani ndiyo rafiki yako. Kila baada ya kukata majani ya kuhifadhi, shamba lina njaa, na wiki ile ile mwagia. Samadi ya ng'ombe ya kawaida, yenye ukavu wa asilimia 6 na iliyobaki maji, ina kilo 2.6 za naitrojeni kwa mita ya ujazo, karibu nusu yake ikiwa tayari kuliwa. Ukiweka mita za ujazo 30 kwa hekta umeweka kilo 78. Ziandike, kwa sababu ndani ya kanda kuna vikomo viwili: kilo 250 kwa hekta katika shamba lolote ndani ya miezi 12, na wastani wa kilo 170 kwa hekta kwa mwaka ukijumlisha ardhi yote ya mkulima.

Boza lina kipimo chake kimeandikwa ubavuni, lakini mita za ujazo 30 kwa hekta utazijuaje ukiwa kwenye usukani? Mfano wetu: boza mita za ujazo 10, mashine inaeneza upana wa mita 12. Boza moja lazima litoshe theluthi ya hekta, yaani mita za mraba 3,333. Gawa kwa 12, unapata mita 278. Nilipima mita hizo kwa hatua, nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, nikawasha na kuendesha mpaka boza likaisha. Mara ya kwanza liliisha mita 190. Kwa miaka yote tulikuwa tukidhani tunaweka 30, kumbe tunaweka karibu 44. Nikapandisha gia moja, nikajaribu tena, nikafika mita 270. Pale pale kwenye kioo nikaandika gia na mizunguko ya injini kwa kalamu ya rangi. Bado ipo.

Nje ya majani, rapa, ile mbegu ya mafuta yenye maua ya njano, ni zao linalokula naitrojeni kweli wakati wa vuli, hadi kilo 30 hivi kwa hekta. Mkulima mwenye rapa ana hoja ya kumwaga kabla tarehe haijafunga. Mwenye ngano hana, hata akilia.

Samadi ngumu ni habari nyingine

Samadi ya matandiko ya majani makavu, ile unayoichota kwa uma, haina kipindi cha kufungwa, kwa sababu naitrojeni yake nyingi imefungamana na inatoka taratibu. Ukiweza kuwahamisha ndama na ng'ombe wakavu, wale waliopumzishwa kukamuliwa, kwenye matandiko badala ya sakafu ya zege, umepunguza kinachoingia tangini. Bado kanuni za 2018 zinaihusu, kwa hiyo uwe na mpango na matokeo ya kupima udongo. Shamba ambalo fosiforasi imeshajaa halihitaji rundo jingine.

Ukilundika shambani, ndani ya kanda, rundo lisimame lenyewe bila kuchuruzika, likae mita 10 kutoka kwenye maji au bomba la kuondolea maji (30 kama mteremko ni mkali kupita digrii 12), mita 50 kutoka kisima au chemchemi, na lisizidi miezi 12 mahali pamoja. Ukiliondoa, usirudi hapo kwa miaka miwili.

Asubuhi ya kumwaga

Beba koleo. Chimba shimo la kina cha koleo moja, katikati ya shamba na si langoni. Finyanga udongo: ukinata na kung'aa, rudi nyumbani. Ukiona nyufa zinazomeza kidole, acha, au lima juu juu kwanza ili uzivunje. Usimwage kwenye ardhi iliyotuama maji, yenye theluji, au iliyoganda kwa zaidi ya saa 12 katika saa 24 zilizopita. Angalia utabiri, mvua kubwa ikitajwa, trekta ilale.

Weka alama mita 10 kutoka mtaroni. Ukiwa na mashine ya mirija inayoburuza chini, inayoweka samadi kwa mistari, unaruhusiwa kusogea hadi mita 6. Kisima, mita 50 hakuna mjadala. Baada ya boza la kwanza, nenda ukatazame mdomo wa kila bomba linalotoka kwenye shamba hilo. La tatu, nenda tena. Ndani ya kanda, kuanzia kufunguliwa mpaka mwisho wa Februari huzidishi mita za ujazo 30 kwa hekta kwa mara moja, na unapumzisha shamba wiki tatu kabla ya kurudi.

Na kukoroga. Hapa naomba usome polepole. Unapoanza kukoroga samadi iliyolala kwa miezi, gesi inatoka, haidrojeni salfaidi. Mwanzo inanuka kama yai viza. Ikizidi, pua inaacha kuisikia, na hapo ndipo inapoua. Mtu anaanguka, anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Watu wamekufa hivyo kwenye mashamba ya huku, baba na wana. Koroga siku ya upepo, toa ng'ombe na watu wote bandani, fungua milango, na kaa mbali nusu saa ya kwanza. Usiingie tangini kwa sababu yoyote, hata simu yako ikidondoka humo. Nunua nyingine.

Limejaa na tarehe imepita

Hii ndiyo ilikuwa hali ya kijana. Nilimwambia usiku ule ule: funga maji kwanza. Kesho alfajiri, badala ya kuwasha boza, zunguka uone gata na mabomba yapi yanaingiza maji safi tangini, uyageuze hata kwa mifuko ya mchanga. Punguza maji ya kuoshea. Kwangua kinyesi kabla ya kupuliza maji kwa mpira.

Pili, tafuta nafasi ya jirani. Kuna wakulima wengi walioacha ng'ombe na matangi yao yamebaki matupu, yanaota majani pembeni. Mtu wa kumuuliza ni dereva wa lori la maziwa. Anaingia kila shamba na anajua nani ameacha. Ila lazima tangi lenyewe liwe zima. Ukijaza tangi bovu umehamisha tatizo.

Tatu, bosi aupigie simu Wakala kabla tangi halijafurika. Wakulima wengi hawapendi, wanaona ni kujipeleka polisi. Nawaelewa. Lakini anayepiga simu akiwa na shibiri moja anazungumza kuhusu mpango. Anayepigiwa simu na mvuvi aliyeona samaki wanaelea anazungumza kuhusu mahakama.

"Na mimi nikikataa kumwaga halafu bosi akanifukuza?" kijana akauliza.

Swali gumu. Nilimwambia asikatae. Amwambie: "Mzee, nimeangalia ramani, tumo kandani, na tangu tarehe 15 tumefungwa. Naweza kuanza na gata saa 11 alfajiri." Mwajiri wa huku akiletewa tarehe na kazi mbadala kwa pamoja, mara nyingi anatukana hali ya hewa, siyo wewe.

Alitukana serikali, kijana aliniambia baadaye. Robo saa nzima, akiwa na kikombe mkononi. Kisha akachukua ngazi wakaenda wote kwenye paa la banda la ndama. Dereva wa maziwa akawapa jina la mzee mmoja, maili nne, tangi tupu tangu alipouza ng'ombe wake. Wakahamisha boza 30 kwa siku mbili kwa malipo waliyoelewana.

Tarehe 2 Februari, saa moja asubuhi, nilipata picha. Mti wa kupimia, alama nyeupe na nyekundu, umeshikwa juu ya tangi na mkono wenye glavu. Chini yake ameandika: "Shikamoo kaka. Shibiri nne. Ila udongo uji, bado hatumwagi."